Heshima na Neno la Mtaalamu: Mhadhara kwa Wakusanyaji wa Vitu vya Kitamaduni

Mwenyekiti, wakusanyaji wenzangu, nanyi mliokuja kwa mara ya kwanza, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie maoni ya wataalamu kuhusu uhalisi wa vitu tunavyokusanya, nami nimeomba niyazungumzie pamoja na heshima. Mara nyingi ninapoona wakusanyaji wakigombana, ugomvi hautokani na upanga wenyewe. Unatokana na namna mtu alivyoambiwa kuhusu upanga wake.

Nianze na kaskara. Huu ni upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande zote mbili, na watu wengi wa Sudan na nchi jirani waliubeba. Baadhi ya bapa zake zilifuliwa Solingen, Ujerumani, zikauzwa Afrika, zikatiwa mipini huko. Mafundi wa Sudan walizijua alama za bapa hizo za kigeni, kama vile hilali na mbwa mwitu anayekimbia, wakawa wanazitia hata kwenye bapa walizofua wenyewe. Sasa mtu anakuja na kaskara yenye hilali, anasema ni ya Solingen. Mtaalamu anautupia jicho mara moja: "Si ya Solingen." Kisha anageukia kitu kingine. Huenda amesema kweli, lakini mwenye upanga amebaki na aibu, na sisi tuliosikia tumebaki na jina la mtaalamu bila sababu zake. Kesho tutarudia neno lake kwa mwingine, na hatutaweza kulitetea.

Jibu lenye heshima linataka muda zaidi. Unamwonyesha mwenzako kwamba mifereji ya ubapa haiendi sambamba, kwamba upana wake unabadilika kidogo kidogo pale nyundo ilipopita, kwamba hilali ya upande mmoja hailingani na ya upande wa pili. Unamwachia aushike, aone mwenyewe. Halafu unamwambia jambo ambalo wengi wetu hulisahau: ubapa uliofuliwa na fundi wa Sudan si wa bandia. Mafundi wa Kassala, mji wa mashariki mwa Sudan, waliendelea kufua panga hizi hata mwishoni mwa karne ya 20, kwa wateja waliozivaa. Upanga uliotengenezwa ili mtu auvae ni halisi, hata ukiwa na umri mdogo kuliko mtu anayeumiliki leo. Kuudharau kwa kuwa haukutoka Ulaya ni kumvunjia heshima fundi, na fundi hayupo hapa kujitetea.

Najua kuna wanaosema, ya nini mabishano, tupeleke vitu maabara. Maabara inasaidia, lakini tuijue mipaka yake. Kipimo cha kaboni kinapima wakati mti ulipokuwa hai. Hakijui patasi iligusa ule mti lini, na mchongaji mjanja anaweza kuchonga kinyago leo kutoka boriti ya zamani. Tena kwa vitu vya kati ya miaka ya 1650 na 1950 hivi, kipimo hicho mara nyingi hutoa majibu kadhaa yanayowezekana kwa sampuli moja, na vitu vingi tunavyokusanya viko ndani ya kipindi hicho hicho. Kwa sanamu za udongo kuna kipimo kingine, kinachokadiria lini udongo ulichomwa mara ya mwisho. Waghushi wamekijua. Huchukua vipande vya kale vilivyovunjika, wakaviunganisha na udongo mpya, na sampuli ikichukuliwa kwenye kipande cha kale, cheti kinasema kweli kuhusu kile kipande na kinadanganya kuhusu sanamu nzima. Kwa hiyo bado tunahitaji jicho la mtu, na jicho hilo linahitaji kuulizwa maswali bila mwenye nalo kukasirika.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Mtaalamu anayetaka kununua kitu alichoulizwa atamke hivyo kabla hajatoa maoni. Anayekishusha thamani mbele ya mwenyewe, kisha akamfuata pembeni na bei, asipewe tena nafasi ya kutoa maoni katika mikutano yetu. Hapa sioni la kujadili.

Jambo linaloniuma zaidi ni swali la nani tunamwita mtaalamu. Fikirieni vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Kigango ni mti uliochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kimijikenda, na hubaki pale pale mpaka uoze. Katika masoko ya sanaa, vigango viliuzwa kama sanamu za kuvutia. Wajuzi wetu walizisifu rangi ya kijivu iliyotokana na jua na mvua, na ile sehemu ya chini iliyoliwa na udongo, wakasema hizo ndizo dalili za uhalisi. Ni kweli, ni dalili za uhalisi. Lakini sehemu ya chini iliyoliwa na udongo maana yake ni kwamba kitu hicho kilikuwa kimesimama ardhini, na mtu akaking'oa. Wazee wa Kimijikenda wangelisema hilo kwa kutazama mara moja, kama wangeulizwa. Hawakuulizwa.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Kimoja kilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, Marekani, kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyovitambulisha, na kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimesharudi Kenya. Najiuliza ni wakusanyaji na wajuzi wangapi walivitazama vitu vya namna hii, wakapima ubora wa mchongo, wakanyamaza kuhusu pale vilipotoka.

Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 nacho kilipatikana Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na kurejeshwa Tanzania mwaka 2010. Kilikuwa halisi tangu mwanzo, na hakuna aliyebishia hilo.

Kwa hiyo mtu akikuletea kitu akakuuliza, "Ni halisi?", usikubali swali liishie hapo. Muulize alikipata kwa nani, na huyo alikipata kwa nani. Uliza kwa upole, kwa sababu wengi wamerithi vitu hivi kwa babu zao na hawajawahi kuulizwa. Na ukiandika maoni yako, tenganisha ulichokiona kwa macho na unachokikisia, na uandike ni nani wa jamii iliyokitengeneza uliyezungumza naye. Kama hukuzungumza na yeyote, liandike hilo pia.

Nimeona baadhi yenu mmekuja na vitu, na viko pale mezani. Tutakapovizunguka, naomba wageni waseme kwanza wanachokiona, kila mmoja kwa sababu zake. Sisi wazoefu tusubiri, kwa kuwa tukitangulia, hakuna atakayethubutu kuona tofauti. Wenye maswali kuhusu niliyosema, karibuni sasa.