Jicho Si Kamera: Somo Kutoka kwa Ubongo wa Paka

Mwenyekiti, walimu wenzangu, asanteni. Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: jicho si kamera. Nimelisema miaka mingi, na bado kila nikifungua daftari la mwanafunzi nakuta mchoro ule ule. Mti, lenzi, mti kichwa chini, somo limekwisha. Huo mti uliopinduka anautazama nani? Hapo ndipo tunapowaacha watoto njiani.

Mwaka 1958, katika maabara ya Stephen Kuffler pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, watafiti wa ubongo David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakisikiliza seli moja moja za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, upande wa kisogoni, wa paka aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Hubel alikuwa ametengeneza elektrodi, yaani sindano ya kunasa umeme wa seli, ya madini ya tungsteni, yenye ncha nyembamba kiasi cha kunasa ishara ya seli moja. Waliiunganisha na spika, hivyo kila seli ikituma ishara, unasikia tak. Kuffler alikwisha onyesha, 1953, kwamba seli za retina ya paka, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huitikia vizuri kidoa cha mwanga. Nao wakaleta vidoa, vyeupe na vyeusi. Saa zikapita, seli ya kisogoni haijali. Tak moja, kimya. Tak nyingine, kimya.

Ghafla, wakiwa wanachomeka kwenye kifaa cha kumulika kioo chenye kidoa cheusi, spika ikalia mfululizo kama bunduki ya rashasha. Walihangaika na kile kidoa kabla ya kugundua kwamba hakikuhusika kabisa. Ukingo wa kioo, ulipokuwa ukiteremka mahali pake, ulitupa kivuli chembamba kwenye retina: mstari uliofifia, unaosogea. Seli ilitaka mstari, uliolala kwa pembe yake maalumu, tena uwe unatembea. Seli hiyo moja waliishikilia kwa saa tisa hivi.

Kuna atakayesema walibahatisha tu. Hapana! Mwingine angesikia ule mlio akadhani ni hitilafu ya waya, akazima mashine akaenda kula. Hawa walikaa.

Sasa ichunguzeni seli yenyewe. Ipe mstari wa wima, inalia. Uinamishe kidogo, mlio unapungua. Ulaze kabisa, kimya. Usimamishe tena, uupitishe kutoka kushoto kwenda kulia: tak-tak-tak-tak. Mstari huo huo, mwanga huo huo, kasi ile ile, urudishe kulia kwenda kushoto: kwa baadhi ya seli husikii kitu. Kamera gani inachagua upande wa mwendo?

Seli inaujuaje huo upande? Maelezo yenye nguvu ni haya. Njia mbili zinaingia kwenye seli moja, moja inafikisha habari upesi, nyingine inachelewa. Katika kituo kinachopokea habari za macho kabla ya gamba, paka ana seli za kuchelewa kweli. Mstari ukianzia kwa mchelewaji ukamalizia kwa mwepesi, habari zote mbili zinafika pamoja na seli inashtuka. Ukija kinyume, zinafika zimeachana, kila moja dhaifu. Nimelifundisha uwanjani kwa wanafunzi wawili, mmoja mwenda pole, mmoja mkimbiaji. Mwenda pole akitangulizwa, wanafika mlangoni bega kwa bega. Mkimbiaji akitangulizwa, mlango unagongwa mara mbili. Dakika tano, darasa zima limeelewa, wala sikuhitaji ubao.

Usiku mtazameni paka wenu chini ya taa ya baraza. Mjusi kafiri kabandama ukutani, hasogei, na paka anapitisha macho juu yake kama ukuta mtupu. Mjusi avute mguu mmoja tu, masikio ya paka yanaelekea mbele, tumbo linashuka sakafuni. Sisemi ni seli hizi peke yake, sehemu nyingine za ubongo zinahusika. Lakini mwone mnyama ambaye kwake mwendo ndiyo habari yenyewe.

Na msiniambie sisi si paka. Kufikia 1968 Hubel na Wiesel walikwisha eleza seli za namna hiyo kwa kima.

Naona mwenyekiti ananyooshea saa kidole. Mengine nayaruka. Niseme moja tu: seli hizi zinahitaji kulelewa. Miaka ya 1970, paka wachanga waliokuzwa kwenye mwanga wa kumetameta, wasione mwendo laini, walikua na seli chache sana za kuchagua upande. Na kabla ya hapo, Hubel na Wiesel walifunga jicho moja la paka mchanga kwa miezi yake ya mwanzo. Lilipofunguliwa, jicho lilikuwa zima, ubongo hauliitikii. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, yaani lenzi yenye ukungu, hasubirishwi hadi afike umri wa shule. Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto mchanga, mpeleke wiki hiyo hiyo.

Dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja seli za kuchelewa. Mpeni kipaza sauti.