Kurudisha ruta kwa famwea yake ya kiwandani: maongezi ya Jumamosi, Kisumu

Haya wasee, karibuni mbele, hapo nyuma feni haifiki na joto la leo mnalijua. Leo naongea juu ya kitu kimoja tu, umeweka OpenWrt kwa ruta yako (hiyo ni famwea ya bure, na famwea ni programu inayoendesha ruta), imekushinda ama unataka kuiuza, sasa unataka irudi vile ilitoka kiwandani. Na nikisema kuflashi leo namaanisha kuandika famwea ndani ya ruta, simaanishi ile ya kumpigia mtu simu ukate kabla ashike, sawa?

Wiki hii kijana mmoja kutoka Kondele ameniletea ruta akaniambia, fundi, nimebonyeza riseti mara kumi na bado iko OpenWrt. Hapo ndio watu wengi wanapotelea. Ile kitufe inafuta seting zako peke yake, nenosiri, jina la waifai, basi. Famwea iliyoko ndani inabaki ni ileile, kwa hivyo ukibonyeza riseti ukiwa OpenWrt utapata OpenWrt mpya kama mtoto amezaliwa leo.

Chukua TP-Link TL-WR841N, hii ya antena mbili iko kila nyumba kutoka hapa mpaka Nakuru. Version 9 ina flashi, yaani kumbukumbu inayohifadhi famwea, ya MB 4 na RAM, ile ya kufanyia kazi ikiwa imewaka, ya MB 32, ndogo sana, ndio maana OpenWrt za siku hizi haziitaki tena. Hiyo flashi ifikirie kama ploti imegawanywa. Mbele kabisa anakaa butiloda, programu ndogo ya kuwasha famwea, KB 128, huyu ndiye anaamka kwanza stima ikiingia. Katikati kuna famwea, huyo ni mpangaji, anahama anaingia mwingine. Mwisho kuna KB 64 wanaita ART, hapo redio ya waifai imepimwa kiwandani, ruta moja moja, ya jirani haifanani na yako hata kama ni modeli moja. Mpangaji mtoe vile unataka, lakini hao wawili usiwaguse, juu famwea unaeza dauniload tena lakini ART ukiifuta hakuna mahali utaipata kama hukuweka kopi. (Nani ameweka kopi? ... Mkono mmoja. Haya basi.)

Sasa ile faili ya TP-Link. Ukienda kwa tovuti yao unaeza pata jina lake liko na neno "boot" ndani, na hii ndiyo imeua ruta za watu mob. Hiyo inamaanisha wamefungasha butiloda pamoja na famwea, sasa wewe ukiiandika vile ilivyo pale katikati unaweka butiloda mahali pa mpangaji, ruta ikiamka inatafuta famwea haioni, taa zinawaka tu zikikuangalia. Lazima ukate baiti 131,584 za mwanzo, yaani zile KB 128 na kichwa cha baiti 512 juu yake. Kwa kompyuta ya Linux ni laini moja, orig.bin ni ile faili umedauniload, tplink.bin ni ile imekatwa:

dd if=orig.bin of=tplink.bin skip=257 bs=512

257 mara 512, pigeni hesabu wenyewe mtaona inatoka palepale. Halafu unaituma kwa /tmp, folda ya muda ya ruta, unaingia kwa ruta yenyewe unaandika:

mtd -r write /tmp/tplink.bin firmware

na unatoa mikono. Stima ikipotea hapo katikati pole, mimi siku hizi nafanya hii kazi ruta ikiwa kwa betri, juu ya yale yalinipata mwaka jana sitaki hata kuyaongelea.

Mama hapo ameuliza, na kama imeshakufa? Kama butiloda iko hai haijakufa, imezimia tu. Kwa version 9 unapea kompyuta yako anwani 192.168.0.66, unachomeka waya, waifai hapa haisaidii, unawasha seva ya TFTP, programu ya kompyuta inayopea ruta faili kupitia waya, ile faili uliyoikata unaiita wr841nv9_tp_recovery.bin, halafu unashikilia riseti ukiwasha ruta mpaka uone kwa skrini imeanza kuomba faili. Lakini version 13 ni mnyama mwingine, ndani chipu ni ya MediaTek, anwani inakuwa 192.168.0.225 na faili inaitwa tp_recovery.bin. Jina la nje ni moja, TL-WR841N, sura karibu moja, ndani ni ruta mbili tofauti, so pindua kitu usome stika huko chini kabla hujadauniload chochote.

Na zile mlipewa na kampuni ya intaneti zirudisheni kwa mfuko, hizo si zenu, leo sizigusi.

Huyu wa Kondele, leta yako hapa mezani. Inasema version gani kwa stika? ... Tisa. Sawa, nani ako na waya wa Ethernet?