Siku ya Tatu Kule Jailoo

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu na vijana wa safari, hamjambo? Mfuko ule mweupe pale mezani msiufungue bado. Tutaufikia.

Mlionisikia mara ya mwisho mnajua nitaanzia wapi, na nitaanzia palepale, maana sijaona mabadiliko. Kijana anakuja kwangu kutaka ushauri wa kwenda Kirgizia, ile nchi ya milima ya Asia ya Kati, na kabla hajakaa ameshanifungulia ratiba kwenye simu. Usiku mmoja Bishkek. Usiku mmoja Kochkor. Mmoja ziwani Son-Kul, mmoja Naryn, mmoja Tash Rabat, mmoja Karakol, na kuendelea. Siku kumi, vitanda tisa. Namuuliza: mwanangu, katika nyumba hizo tisa utalijua jina la mtoto wa nani? Ananyamaza, anaitazama simu yake.

Sisi tuna msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanautumia kumsema mgeni aliyechelewa kuondoka. Mimi nasema msemo ule unampa mgeni heshima. Siku mbili za kwanza unalishwa, unatandikiwa, unaletewa maji ya kunawa. Mtu anayekuhudumia huwezi kumjua. Siku ya tatu ukishikishwa jembe, mwenyeji amekubali kukugeuzia mgongo na kuendelea na shughuli zake ukiwepo. Safari inaanza hapo, na saa hiyo wasafiri wetu wameshapanda gari kwenda kijiji kingine!

Nitawapeleka kwenye familia moja tu. Njia mnaijua: kutoka Bishkek unapanda marshrutka, daladala yao, unapita korongo la Boom mpaka Kochkor, kisha teksi ya kuchangia nauli kwenye barabara ya Chaek hadi kijiji cha Kyzart. Nyumba za chokaa, mitaa imenyooka, maana vijiji vingi vya kule vilipangwa enzi za Kisovieti, wafugaji wahamaji walipolazimishwa kutulia mahali pamoja. Lakini nenda mwezi wa saba: watu wengi hawapo. Wamepanda jailoo, malisho yao ya kiangazi, na mifugo yote, na watoto, na vyombo vya jikoni. Hawateremki mpaka Septemba hivi.

Kwa hiyo ukitaka kukiona kijiji, kifuate juu. Ziwa Son-Kul liko mita 3,016 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro wanajua kambi ya Mandara, basi Son-Kul ni juu zaidi, na watu wanaishi na vitoto vichanga. Mti hakuna hata mmoja. Moto ni wa tezek, samadi kavu ya ng'ombe. Theluji inaweza kuanguka hata Julai. Nilifika kwa farasi jioni, miguu imekufa ganzi, nikaingizwa kwenye boz üy, nyumba yao ya mviringo ya sufu iliyoshindiliwa. Pale juu katikati ya paa kuna duara la mbao, tündük, ambalo moshi unatokea na mwanga unaingilia. Mtakapoiona bendera ya Kirgizia, lile umbo katikati ya jua ndilo hilo. Nchi nzima imeweka paa la nyumba kwenye bendera.

Mwenyeji wetu nitamwita Apa, kwa sababu kila mtu pale alimwita hivyo. Ni mama kwa Kikirgizi. Kabla sijavua koti alishaniwekea mkate. "Ooz tiyiñiz," akasema, yaani gusa kwa mdomo. Hata kama unapita tu na huna muda, mkate utaonja. Akanikalisha tör, mahali pa heshima, upande unaotazamana na mlango. Ikaja siagi, ikaja malai nzito wanayoiita kaimak, ikaja boorsok, na boorsok, jamani, ni mandazi madogo yasiyo na iliki. Nilikula kama niliyefika kwa shangazi. Chai ikaja nusu bakuli. Kwetu ukimtilia mgeni nusu atasema umemnyima. Kule nusu ndiyo heshima: chai haipoi, unarudisha bakuli mara sita, na kila mara mama anakutazama usoni anapokujazia. Wakikujazia pomoni, wanakuambia kwa adabu kwamba unywe uende zako.

Siku ya pili nilitembea, nikapiga picha, nikalishwa tena. Sina la zaidi kuhusu siku ya pili. Ningeondoka usiku ule ningekuja hapa kuwaonyesha picha za ziwa, nanyi mngepiga makofi.

Siku ya tatu niliamka mapema kwa kelele za farasi. Nje kulikuwa na kamba ndefu imelazwa karibu na ardhi, na watoto wa farasi wamefungwa mmoja mmoja kwenye kamba ile. Mama zao wako huru malishoni lakini hawaendi mbali, wanawarudia watoto. Farasi jike hatoi maziwa mengi kwa mkupuo mmoja kama ng'ombe. Anakamuliwa kidogo, baada ya saa mbili hivi anakamuliwa tena, kutwa nzima. Mjukuu wa Apa, binti wa miaka tisa, analeta mtoto wa farasi, anamwacha anyonye mara mbili tatu mpaka maziwa yateremke, kisha anamvuta pembeni lakini hamwondoi, anabaki amemgusisha ubavu wa mama yake. Apa anapiga goti moja, ndoo juu ya paja la pili, mkono mmoja umezunguka mguu wa nyuma wa farasi. Anakamua upesi sana. Ukichelewa, farasi anayafunga maziwa na huyapati.

Maziwa yale yanamiminwa kwenye chombo kirefu chenye kymyz ya jana ndani, yaani maziwa ya farasi yaliyokwisha kuchachuka, nayo yapate kuchachuka. Na lazima yasukwesukwe. Si mara mia, ni maelfu ya mara. Chombo cha kusukia ni mti mrefu wenye kitako cha mbao chini, unashindilia juu na chini kama mtu anayetwanga. Jina lake ni bishkek.

Ndiyo. Jina lile lile la mji mkuu, ule uliokuwa ukiitwa Frunze mpaka 1991. Watu wanakaa usiku mbili katika mji wa Bishkek na hawajawahi kuishika bishkek!

Nilikuwa nimesimama pale nikitazama, simu mkononi. Apa alikuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja: ndoo, moto na kondoo mmoja mgonjwa. Alinitazama, akaitazama simu, akaninyoshea ule mti. Hakusema neno. Nikaweka simu mfukoni.

Mpini wake ulikuwa umelainika na kung'aa pale mikono inaposhika, na palikuwa na mabonde mawili madogo ya vidole, vidole vya Apa, si vyangu. Mikono yangu haikuingia sawasawa. Nikaanza kwa nguvu. Maziwa yakarukia kifuani. "Akyryn, akyryn," akasema Apa, pole pole, akaja nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu, akanipa mwendo: shuka taratibu, gusa chini, panda, pumzika kidogo. Kuna sauti fulani ya kububujika inayokuja maziwa yakikubali. Mkono wake ulipoondoka sikujua umeondoka saa ngapi.

Nilisuka asubuhi ile yote. Na kwa kuwa nilikuwa na kazi, nikasahauliwa. Yule binti akaja kukaa karibu yangu na daftari lake la shule. Akanionyesha: kitep. Nikamwambia kwetu kitabu. Akacheka, akadhani namtania. Akasema saat, nikasema saa. Kabar, habari. Akyl, akili. Düynö, dunia. Maneno yale yote sisi na wao tumeyapata kutoka Kiarabu, wao kwa njia yao ya milimani na sisi kwa bahari. Akakimbia kumwita bibi yake aje asikie. Apa akasimama na ndoo mkononi, akasema taratibu, kama anayenipima: "Rakmat?" Asante, kwao. Nikamwambia kwetu neno hilo lina ndugu yake, rehema. Akalirudia mara mbili. Mchana ule sikukalishwa tör. Nilikaa karibu na mlango pamoja na watoto, na chai nikajimiminia.

Sasa najua mnachotaka kusema.

Mtasema mgeni kwao ni mtakatifu, kumshikisha kazi ni aibu kwa mwenyeji. Ni kweli, na ndiyo maana siku ya kwanza ukijitia kuosha vyombo utamvunjia mtu heshima yake. Kubali kuhudumiwa kwanza, hizo siku mbili zina kazi yake. Hata siku ya tatu usilazimishe, kaa karibu na kazi tu. Halafu jiulizeni kwa nini kazi imekosa mikono. Mtoto wa kiume wa Apa yuko Moscow, na mkewe yuko Moscow. Watu wengi wa Kirgizia wanafanya kazi Urusi, pesa zinarudi nyumbani, watoto wanabaki na bibi na babu. Ule mti niliopewa, wa kuushika hakuwepo.

Mwingine atasema: lakini mimi nimelipa, nilipe tena nifanye kazi? Huyu namjibu kila mwaka na sichoki. Umelipia godoro na chakula, na ni haki yao kulipwa vizuri. Mwaka 2000 palepale Kochkor ulianzishwa utalii wa jamii, wanauita CBT, kwa msaada wa shirika la Helvetas la Uswisi, ili familia zipokee wageni zenyewe na hela ibaki kwenye familia. Mpango mzuri sana, utumieni. Lakini hakuna risiti duniani inayokununulia Apa aje aweke mkono wake juu ya wako.

Wa tatu, na huyu kwa kawaida anakaa safu za nyuma, ataniuliza habari ya kymyz: si ina kilevi? Ina kilevi kidogo, naam, kwa sababu imechachuka. Wakirgizi wengi ni Waislamu, baada ya kula wanapitisha viganja usoni kama tufanyavyo sisi, na wengi wao wanakunywa. Mimi si shekhe, sitatoa fatwa hapa. Nawaambia adabu yake tu. Kama hunywi, sema mapema, mkono kifuani, kabla bakuli halijajazwa. Unaweza kuomba saamal, maziwa ya farasi mabichi ambayo hayajachachuka. Usichofanya ni kupokea bakuli, kuonja, kukunja uso na kuliacha limejaa. Nimeliona hilo likifanywa na mgeni aliyefika saa kumi na kuondoka alfajiri. Apa alilichukua bakuli, akanywa mwenyewe, akatazama pembeni.

"Likizo yangu ni fupi." Haya, futa Naryn. Futa Tash Rabat, jengo lile la mawe limekaa karne nyingi, litakungoja. Siku kumi, nyumba mbili, kijiji kimoja na jailoo moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine, nayataja tu. Mkate usiupindue uso chini, usiuweke ardhini, usiutupe. Kizingiti cha mlango usikikanyage. Nyama ikigawanywa, kila mfupa una mwenyewe kwa umri na heshima, subiri ugawiwe, usichague. Zulia la shyrdak, lile la sufu iliyoshindiliwa, nunua kwa mama aliyelishona kwa mkono. Ufundi ule UNESCO iliuweka mwaka 2012 kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, na anayelipa nusu ya bei kule sokoni anausaidia kufa. Taka zako teremka nazo, kule juu hakuna gari la taka. Picha za watoto, muulize bibi. Habari za baridi na farasi nilitaka kuzieleza kwa kirefu, nimekula muda wake kwa maziwa, mtanisamehe.

Siku niliyoondoka Apa hakunipa zawadi ya kufungwa kwa karatasi. Alipanda juu ya ndoo, akashusha kutoka paani kitambaa, akanimwagia viganjani mabonge meupe madogo madogo. Ni kurut, mtindi uliochujwa, ukatiwa chumvi, ukaviringwa na kuanikwa juani mpaka ukawa kama kokoto. Mchungaji anaondoka nazo mfukoni kutwa nzima.

Hizo ndizo zilizomo kwenye mfuko. Sasa fungueni, mpitishe mpaka nyuma, kila mtu achukue moja. Usiing'ate, utaumia jino. Iweke shavuni uiache, italainika yenyewe. Wenye maswali, nasikiliza.