Chakula cha Kobe: Jani Gani, na Kwa Nini

Asalaam aleikum, na jioni njema kwenu nyote. Nimefurahi kuona watoto wamekaa mbele, maana katika nyumba nyingi za hapa Mombasa wao ndio wanaomlisha kobe, na mengi ya leo yanawahusu wao.

Wengi wenu mmefika Haller Park pale Bamburi mkawaona wale kobe wakubwa wa Aldabra. Kobe aitwaye Mzee, aliyeandamwa na mtoto wa kiboko aitwaye Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, ni wa jamii hiyo. Watazame kwa saa nzima: wanakula nyasi na majani, wanapumzika, wanarudi kula. Kisha ingia kwenye ua wa nyumba yenye kobe. Sahani ina ndizi, tungule, kipande cha tikiti na jani la letasi. Mwenye nyumba ananiambia, "Daktari, anapenda sana." Naam, anapenda. Lakini kupenda kwake hakumjengei mfupa.

Nazungumzia watambaazi wanaokula majani, na kwetu hapa hao ni kobe. Kinyonga hula wadudu na chatu hula nyama, kwa hiyo sukuma wiki haiwahusu. Na kabla sijaendelea: kobe wa porini ni mali ya nchi. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 huruhusiwi kumfuga bila kibali, na kibali hicho huombwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ukimkuta barabarani akivuka, msaidie avuke, usimtie kwenye buti la gari.

Sasa, jani zuri tunalijuaje? Mimi naanza na madini mawili, kalsiamu na fosforasi. Chakula cha kobe kinafaa kiwe na kalsiamu isiyopungua mara mbili ya fosforasi. Mwili hulinda kalsiamu iliyo kwenye damu kwa nguvu zake zote, kwa sababu moyo na misuli haifanyi kazi bila hiyo. Ikipungua, tezi ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayokwangua kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Na gamba la kobe ni mfupa, limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Kwa hiyo kobe aliyelishwa vibaya anajila mwenyewe.

Tuweke hesabu mezani. Gramu 100 za ndizi zina takriban miligramu 5 za kalsiamu na 22 za fosforasi. Tungule, 10 kwa 24. Letasi ile ya kichwa, 18 kwa 20, na karibu asilimia 96 yake ni maji. Sukuma wiki ya majani mapana ina kama 230 kwa 25. Mnaona tofauti? Sukuma, mboga tunayoidharau kwa kuwa ni ya bei rahisi, inaishinda letasi ya hotelini kwa mbali sana.

Hapa kuna mtego, na wenye kuingia ni wale wanaojitahidi zaidi. Mchicha mbichi una kalsiamu zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100. Kwa karatasi ni jani bora. Lakini mchicha, pamoja na spinachi, una oksaleti nyingi, na oksaleti huishika kalsiamu tumboni isiweze kufyonzwa. Ni kama mshahara uliokatwa wote kulipa mkopo kabla hujaugusa: risiti inaonyesha pesa, mfuko mtupu. Mchicha si sumu. Ukimpa mara moja moja ndani ya mchanganyiko hakuna neno. Kumpa kila siku, peke yake, ndiko ninakokukataa.

Na sukuma nayo usiifanye chakula pekee. Jamii yote ya kabeji ina kemikali zinazoweza kusumbua tezi ya thairoidi zikiliwa kwa wingi muda mrefu. Kabeji yenyewe naiweka nyuma kabisa, kalsiamu yake ni ndogo. Matembele, kalsiamu na fosforasi zake zinakaribiana, basi yawe kionjo tu. Majani ya kunde yafaa kiasi. Kisamvu kibichi, hapana, hata kidogo! Sisi tunakitwanga na kukipika sana kwa sababu kibichi hutoa sayanidi, na kobe hana jiko.

Lakini nikiulizwa chakula cha kwanza cha kobe wetu wa madoadoa, yule mkubwa wa nyikani, sitaji mboga yoyote ya soko la Kongowea. Nasema nyasi. Porini anaishi kwa nyasi, magugu na mimea yenye majani manene. Tumbo lake limeumbwa kuchachusha nyuzinyuzi polepole kwa msaada wa bakteria, na matunda yenye sukari huwavuruga bakteria hao, ndipo unaona kinyesi cha majimaji. Ameonekana hata akiguguna mifupa mikavu na kinyesi cha fisi, akitafuta kalsiamu. Basi mwache achunge uani pasipopuliziwa dawa. Ongeza majani na maua ya hibiskasi, majani ya mforosadi, na dungusi kakati iliyotolewa miiba. Olianda ya kwenye ua wa maua ing'olewe au izungushiwe wavu, ile ni sumu kali.

Ukienda sokoni, chagua sukuma changa, iliyokazana, isiyo na unga mweupe wa dawa. Tundu chache za viwavi hazinitishi. Ioshe kwa maji ya kutiririka. Kwa kobe mdogo ikatekate uichanganye na nyasi, la sivyo atachagua anachokitaka na kuacha kingine.

Watu wa pwani tuna bahati nyingine. Ule mfupa mweupe wa dome, yule wa jamii ya ngisi, unaoupata ufukweni ni kalsiamu kaboneti karibu mtupu. Uloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uanike, kisha umwekee agugune au uukwangue juu ya majani. Maganda ya mayai yaliyokaushwa kwenye oveni na kusagwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Yote haya hayafai kitu bila jua. Kobe hutengeneza vitamini D3 kwa miale ya jua iitwayo UVB, na bila D3 kalsiamu inapita tu. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo. Nimeletewa kobe mdogo aliyelelewa ndani ya fleti, anakaa dirishani kila asubuhi. Nilipomgeuza na kubonyeza gamba la tumbo kwa kidole gumba, lilibonyea. Taya lilikuwa limelegea, miguu ya nyuma ikiburutwa. Alikuwa halali njaa hata siku moja. Mtoe nje, umwekee kivuli cha kukimbilia jua likiwa kali, na maji ya kunywa.

Kuna aliyeniuliza mlangoni: wangu hataki ila ndizi, nifanyeje? Usimkatie ghafla. Ponda kipande kidogo cha ndizi, ukipake kwenye nyasi na majani yaliyokatwakatwa, na kila siku punguza ndizi. Mpe asubuhi akiwa ameshaota jua, maana kobe mwenye baridi hana hamu ya kula. Atasusa. Kobe aliyekomaa mwenye afya akisusa siku mbili tatu si hatari, usimhurumie ukarudisha sahani ya zamani. Akiwa mdogo, au amelegea, au macho yamevimba, usijaribu nyumbani: mlete nimwone kwanza. Na watoto, mkishamlisha, mikono kwa sabuni, kwa sababu kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela.