Mbuzi Kwenye Nondo ya Ethi

MWAJUMA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu kutoka Dodoma. Nilikuwa nimeandaa mambo matatu kuhusu kinga ya umeme unaovuja kwenye sola, lakini kaka Elia ameingia na kisa chake, nanyi mnamfahamu.

ELIA: Dada, Jumanne mvua ilinyesha Nzuguni usiku kucha, na jua lilipoanza kupiga paneli, breka ya uvujaji ya miliampia 30, ile inayokata umeme mkondo ukitorokea ardhini, ikaanguka. Niliipandisha mara nne, ikakataa, mpaka saa nne paneli zilipokauka ndipo ikatulia.

MWAJUMA: Inveta yako, inayogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumba, haina transfoma ya kuutenganisha, tena imefungwa kupitia breka hiyo hiyo ya nyumba. Paneli zikilowa, seli, maji na fremu huwa kama kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, inayoegemea ardhi, na mkondo mdogo hupita humo bila waya wowote kuchubuka. Breka ya miliampia 30 inaruhusiwa kuanguka kuanzia 15, kwa hiyo ukijumlisha na uvujaji mdogo wa friji, huna nafasi iliyobaki.

ELIA: Mimi nilishuku ethi, njia ya kupeleka umeme ardhini. Nilipozunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta mbuzi wa mama mkwe amefungwa kwenye nondo.

MWAJUMA: Nondo ya ethi?

ELIA: Mama anasema hicho ndicho kigingi pekee uani kisichong'oka. Klampu ilikuwa imelegea, waya unazunguka kwa kidole kimoja.

MWAJUMA: Basi kwa kosa la Jumanne mbuzi hana hatia, kwa sababu klampu iliyolegea haiangushi breka, huiacha fremu ikose pa kumwaga umeme, mpaka mtu aiguse. Mwenye hatari ni mbuzi mwenyewe: umeme ukishuka kwenye nondo, volti husambaa ardhini kuizunguka, na mwenye miguu minne iliyoachana hupata kubwa kuliko sisi.

ELIA: Lakini anakojoa pale pale. Kwa kiangazi chetu, naamini hiyo ndiyo nondo yenye unyevu kuliko zote mtaani.

MWAJUMA: Mkojo huo huo unakula klampu, kaka. Hata hivyo hesabu inakubeba: volti 50, kikomo cha usalama cha kugusa, ukigawa kwa miliampia 30, ukinzani wa ethi unaweza kufika omu 1,667 na breka bado ikakulinda, wakati breka ya miliampia 300 inataka usizidi 167, jambo ambalo udongo mkavu hauahidi. Mimi ningeitenga inveta na kuipa breka yake ya aina ya B, inayohisi hata uvujaji wa DC, umeme usiogeuka mwelekeo.

ELIA: Ya nini? Mtengenezaji ameandika kwamba inveta haiwezi kuvujisha DC, na kiwango cha kimataifa cha sola, IEC 60364-7-712, kinakubali maelezo hayo. Zaidi ya hapo, inajipima insulesheni, yaani kizuizi cha umeme kwenye nyaya na paneli, kabla ya kuwaka, na hujikata uvujaji ukiruka ghafla kwa miliampia 30.

MWAJUMA: Anayejipima ndiye huyo huyo anayeweza kuharibika. DC ikizidi miliampia 6, breka ya aina ya A, isiyohisi DC tulivu, inaweza kupofuka ikabaki imesimama tu.

ELIA: Ghali mno kwa hofu ambayo mtengenezaji ameikanusha kwa maandishi.

MWAJUMA: Maandishi hayashikwi na mtoto anayeoga. Sikubali.

ELIA: Wala mimi.

MWAJUMA: Naonyeshwa saa. Mambo yangu matatu hayakuanza hata moja, na kitufe cha T, cha kujaribu breka, sikukigusa. Mbuzi yuko wapi sasa?

ELIA: Nimemhamishia kwenye mwarobaini. Ila nilipotoka asubuhi, mama alikuwa ameshika kamba, anaitazama nondo.