Mzee Stepp na Kurudi Nyuma kwa Bonaparte

MWAJUMA: Karibu tena, msikilizaji. Kaka Hamisi leo kaja na wimbo mmoja tu, na tangu asubuhi anaupigia mluzi.

HAMISI: Umenikaa kichwani, dada. Unaitwa "Bonaparte's Retreat", yaani kurudi nyuma kwa Bonaparte. Oktoba 1937, mzee mmoja wa milima ya Kentucky, William Hamilton Stepp, aliupiga kwa fidla mbele ya mashine ya kurekodia ya Alan Lomax. Lomax alikuwa kijana wa miaka 22, anakusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

MWAJUMA: Bonaparte huyu ni Napoleon yuleyule? Kentucky kafikaje?

HAMISI: Jina tu ndilo lililovuka bahari. Watu wenye asili ya Skoti na Ayalandi walijaa milima ile, na muziki wao wakaja nao. Fidla yenyewe inakwambia. Kwa wimbo huu wapigaji hulegeza uzi wa chini kabisa na wa juu kabisa, nyuzi tatu kati ya nne zinatoa noti moja, D. Uta ukipita, kuna sauti moja inavuma chini muda wote.

MWAJUMA: Kama zumari za Waskoti, zile za mfuko wa ngozi!

HAMISI: Hizohizo. Na wengi waliupiga polepole, mwendo wa jeshi lililochoka. Stepp akaukimbiza, maandamano yakageuka dansi.

MWAJUMA: Basi yule tunayemsikia ni Stepp, hata tukiuita wa asili. Mimi nimelelewa na fidla za taarabu. Wapigaji wawili, wimbo mmoja, kila mtu na mkono wake.

HAMISI: Ndipo panaponiuma, dada. Mtunzi Ruth Crawford Seeger aliisikiliza ile sahani ya santuri ya Stepp kwa makini, akaiandika kwa noti za muziki. Ikachapishwa mwaka 1941 kwenye kitabu cha Lomax na baba yake. Mwaka uliofuata Aaron Copland, mtunzi wa Kimarekani, akautia wimbo huo katika kipande kiitwacho "Hoe-Down", ndani ya *Rodeo*, balei yake, yaani dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi. Hakuchukua ule wa polepole ambao mtu yeyote angempigia. Alichukua wa Stepp, mbio zilezile, vipando na vishuko vilevile.

MWAJUMA: Na jina?

HAMISI: Likavuma la Copland. Miaka ya 1990 muziki huo ukatangaza nyama ya ng'ombe kwenye televisheni za Marekani, watu majumbani wanauimba bila kumjua mzee wa Kentucky. Alifariki 1957.

MWAJUMA: Inasikitisha kweli. Sahani yake ipo?

HAMISI: Ipo, inakwaruza lakini ipo. Haifiki hata dakika mbili.

MWAJUMA: Basi tuanze na ya Stepp, ya Copland ifuate. Msikilizaji, ongeza sauti.