Kabla ya Kushusha Injini, Niambie Moshi Unatoka Wakati Gani

(Mhadhara kwa wamiliki na madereva wa taksi na daladala, Mwanjelwa, Mbeya)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Rangi za moshi mnazijua: mweusi ni mafuta yamezidi hewa, mweupe mzito usiokatika ni maji yameingia yasikotakiwa, wa bluu ni oili inaungua. Hata konda aliyeanza kazi jana anajua, kwa hiyo sina haja ya kuwafundisha rangi. Nimekuja na swali ambalo mafundi wengi hawaulizi na wenye magari hamlisemi: huo moshi wa bluu unatoka wakati gani?

Kila nikipewa nafasi nasema hili, na sitaacha, maana nimechoka kuona watu wakipoteza pesa. Gari linafuka, fundi anapitisha kidole kwenye ekzosi, anaona masizi yenye mafuta, anatamka: "Ringi za pistoni zimekwisha, tufanye ovahoo." Mwenye gari anauza magunia ya mahindi, anakopa kikoba, injini inashushwa. Hakuna aliyepima chochote!

Kuna Carina Ti ililetwa kwangu ikiwa imetoka kufanyiwa ovahoo kwingine. Ringi mpya, gaskiti mpya, risiti zote zipo, na moshi uko palepale. Mwenye gari ni mama anayefanya biashara ya viazi. Nikamuuliza, "Mama, huo moshi unauona lini?" Akasema, "Asubuhi nikiwasha linatoka wingu, halafu linakata. Na nikiteremka kutoka Isyonje kwenda Tukuyu, nikifika chini nikikanyaga mafuta, wa nyuma yangu wananipigia honi." Mlimani akipanda na mzigo je? "Hapo hautoki." Basi, ugonjwa ameutaja mwenyewe. Sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda.

Sikilizeni kwa nini. Injini ya petroli ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia, mlango wa kuingizia hewa unafunga, lakini magurudumu yanaendelea kuzungusha injini na pistoni zinaendelea kuvuta. Hewa ya kutosha hakuna. Mvuto ule unanyonya oili iliyo juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, inapita pembeni mwa shina la valvu, pale sili ilipochoka. Mteremko mrefu ni oili nyingi. Ukikanyaga tena, inaungua yote kwa mpigo: huo ndio mtihani wa mteremko. Na asubuhi ni hivyohivyo: usiku kucha oili imechuruzika tone kwa tone hadi ndani ya silinda, ukiwasha inaungua, kisha moshi unakata.

Shikeni sili hizi mbili, pitisheni kwa wenzenu. Iliyo kavu nimeitoa kwenye ile Carina. Ibonyeze: imekakamaa, haibonyei, na mdomoni ina mipasuko. Mpya inabonyea na ina kaspringi kembamba shingoni kanakoibana kwenye shina la valvu. Kampira kadogo kuliko ncha ya kidole gumba. Injini ya valvu 16 inazo 16. Na si lazima ufungue hedi. Unavua mfuniko wa valvu na kamshafti, ile shafti inayosukuma valvu, unajaza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, unabadilisha silinda moja baada ya nyingine. Asiye na kompresa anaingiza kamba laini kwenye tundu hilo, anapandisha pistoni ibane, kazi inaendelea.

Sasa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Hizo hufuka ukikanyaga: unapanda mlima umejaza abiria, na wingu linakufuata mwanzo hadi mwisho. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Ikipumua kwa nguvu, moshi unakupiga usoni, ringi zinavujisha. Bado usishushe injini. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda yenye kipimo cha chini, mwagia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, angalia valvu au gaskiti ya hedi. Wenye injini za Toyota 1ZZ za kabla ya 2005 mjue zina ugonjwa wa kuzaliwa nao: matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni hayatoshi, yanaziba masizi, ringi ya oili inaganda. Hizo ndizo zinazokunywa oili kweli. Na kabla ya yote hayo, vueni ile valvu ndogo ya PCV, inayopumulisha injini, itikiseni. Isipolia, imeganda. Safisha au badilisha, maana nayo ikiziba inasukuma oili kwenye hewa inayoingia. Ni kazi ya dakika chache.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, sisi miteremko tunashuka frii tubane mafuta, huo mtihani wako hatuufanyi." Kaka, hilo ni kosa mara mbili. Gari la kisasa la petroli likishuka kwenye gia bila kukanyagwa, kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka frii, injini inanguruma yenyewe, kwa hiyo inakula mafuta ambayo kwenye gia isingekula. Na breki unaziachia mlima mzima peke yake. Mnajua tumezika wangapi kwenye hii miteremko yetu. Abiria wako ana watoto nyumbani. Acheni frii.

Mwingine: "Mimi naweka oili nzito, moshi unakata." Unapungua, ni kweli, na ndiyo maana wanaouza magari mabovu wanaipenda. Lakini asubuhi ya Julai hapa Mbeya nyuzijoto zinashuka chini ya 10. Oili nzito inachelewa kupanda kwenye kamshafti, na injini hulika sana pale inapowashwa ikiwa baridi. Umeficha moshi, umeharakisha kifo. Tumia namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama gari limezeeka, panda hatua moja, si tatu.

Muda unakwisha, niwahishe. Kijiti cha oili kiangaliwe kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kama 10. Msisubiri taa nyekundu: ile inapima presha, haipimi kiasi. Ikiwaka, huenda vyuma vimeshaanza kusagana. Andikeni mnaongeza kiasi gani kwa kilomita ngapi. Wapo watengenezaji wanaoandika kwamba lita 1 kwa kilomita 1,000 bado inavumilika. Nawashangaa, lakini angalau ujue uko wapi.

Mvuke mweupe wa asubuhi unaokatika injini ikipata moto, usiuogope. Petroli lita 1 ikiungua hutoa maji karibu lita 1, na baridi yetu inayaonyesha. Ule usiokatika, maji ya rejeta yanapungua na oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, huo ni gaskiti ya hedi. Simamisha gari hapohapo.

Wa dizeli, mtihani wa mteremko hauwahusu, injini zenu hazifungi hewa namna ile. Moshi wenu mweusi anzeni na kichujio cha hewa na nozeli. Pampu ya zamani iliyopimwa Dar es Salaam, huku juu mita 1,700 hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi. Ipimwe upya. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka yoyote. Mama anayeuza ndizi hapo stendi anauvuta kutwa nzima, mwanawe akiwa mgongoni.

Kuhusu masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na jinsi oili inavyoyaua, nilitaka kusema mengi, basi tena. Kipima kompresheni nimekuja nacho. Mwenye gari linalofuka alisogeze hapa, na injini iwe imepata moto.